Ng'ambo ya Bahari na Ng'ambo ya Mto



Mwezi uliopita karatasi ya mchango ilipitishwa kati yetu saa ya chai. Mwenye karatasi ni mzee wetu mmoja wa gengi la njia, mtu wa Garissa, ambaye tumefanya naye kazi miaka mingi wala hatujapata kumsikia akiomba kitu. Binti yake ni mwanafunzi wa chuo kikuu, yuko mwaka wa pili, na somo lake ni sera za jamii. Chuo chake kina mapatano na chuo kimoja cha Uingereza. Mwanafunzi huenda kusoma huko mwaka mmoja, kisha hurudi kumaliza digrii yake hapa Kenya. Ada ya huko hadaiwi, kwa sababu anaendelea kulipa ya hapa. Lakini nauli, chumba, chakula na makoti ya baridi ni juu ya baba yake, na mshahara wa mtu wa gengi twaujua sote.

Twasema kweli: karatasi ile haikupokewa vizuri. Mmoja wetu aliuliza, "Hizo sera za jamii hutibu ugonjwa gani?" tukacheka. Mwingine akasema kwamba lau ingekuwa udaktari au uinjinia angetoa, lakini kuvuka bahari kwenda kusomea maneno matupu, hapana. Wa tatu alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika, kwamba watu wa huko wana matajiri wao, basi wawaendee hao.

Mzee wetu hakukasirika. Aliikunja karatasi yake akasema, "Ndugu zangu, binti yangu ng'ambo amekwisha kwenda. Alikwenda siku ile alipovuka daraja la Tana kuja huku kwenu. Hii ya Uingereza ni ng'ambo ya pili, na nadhani itakuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza." Kisha saa ya chai ikaisha, tukarudi kazini.

Maneno hayo yametukaa. Tumeyazungumza karakanani, tumeyazungumza ndani ya basi tukirudi nyumbani, na sasa twaona yafaa tuyaandike katika gazeti letu kabla ya mkutano wa tawi, ili kila mwanachama aje akiwa amefikiri. Sisi si wasomi. Wengi wetu tumeishia shule ya msingi ya misheni. Lakini jambo hili lamhusu kila mtu anayekatwa mshahara.

SOMO HILI NI LA NINI?

Kila mwanachama na atoe karatasi yake ya mshahara aitazame. Ataona makato ya bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75 ya mshahara wote. Ataona makato ya nyumba, asilimia 1.5, ambayo mwajiri naye hutoa kiasi hicho hicho. Ataona NSSF, ambayo sheria yake ya kwanza ilitungwa mwaka 1965. Sasa tuulizane. Nani aliyeamua iwe 2.75 wala si 2 au 4? Nani aliyeamua kwamba mwenye mshahara akatwe kabla hajaushika, na asiye na mshahara aulizwe maswali kwanza ndipo apangiwe? Nani aliyeamua kwamba mzee asiye na kitu aanze kupewa posho ya serikali akifika miaka 70, wala si 60?

Hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Watu walikaa mezani wakaandika. Na wale waliokaa mezani, ama walisomea kazi hiyo, ama walikalia kiti cha mtu aliyeisomea. Hizo ndizo sera za jamii: elimu ya kujua nani apewe nini, kwa fedha ya nani, kwa njia gani, na nani amesahauliwa. Basi yule ndugu aliyeuliza hutibu ugonjwa gani, ajibiwe kwamba hutibu ule ugonjwa anaoulalamikia yeye mwenyewe kila mwisho wa mwezi.

Tena elimu hii si mgeni kwa vyama vya wafanya kazi. Sidney na Beatrice Webb, mume na mke, walitoa kitabu kikubwa cha historia ya vyama vya wafanya kazi vya Uingereza mwaka 1894. Mwaka uliofuata wao na wenzao walianzisha London School of Economics, na chuo hicho mwaka 1912 kilifungua idara ya kufundisha mambo ya ustawi wa jamii. Maana yake ni kwamba waliofungua mlango wa somo hili ni watu waliokuwa wameanza kwa kutuchunguza sisi: mishahara yetu, migomo yetu, na mifuko yetu ya kusaidiana.

Mtazameni pia Aneurin Bevan. Alishuka katika mgodi wa makaa akiwa na umri wa miaka 13. Katika mji wake wa Tredegar wafanya kazi walikuwa na desturi ya kutoa fedha kidogo kutoka mishahara yao ili wawe na daktari wao wenyewe. Chama cha wachimba makaa kilimpeleka London kusoma miaka miwili, kutoka 1919 mpaka 1921. Alipokuja kuwa Waziri wa Afya, ile desturi ya mji mmoja mdogo aliieneza nchi nzima, na tarehe 5 Julai 1948 huduma ya matibabu ya taifa la Uingereza ikaanza. Wachimba makaa walimchangia mwenzao, na faida ikawafikia hata watu ambao hawakupata kuushika mtaimbo.

KWA NINI ASAFIRI?

Wako wanaosema, kama somo ni hilo, na alisome hapa hapa. Vitabu vipo, walimu wapo. Kweli, na miaka mitatu kati ya minne atakuwa hapa hapa. Lakini mtu aliyekaa stesheni moja maisha yake yote hudhani saa ya stesheni ile ndiyo saa ya dunia. Mwanafunzi wa sera za jamii hana budi kuona kwamba mambo yaweza kupangwa kwa namna nyingine. Akikuta mahali ambapo mgonjwa hatoi fedha mlangoni, atauliza nani amelipa. Akikuta mahali ambapo wazee wamewekwa majumbani peke yao, atajua kwamba hata wao wana yao yaliyoharibika, na kwamba si kila cha kwao ni cha kuigwa. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanya kazi tangu mwaka 1883, mfanya kazi akitoa fungu lake na mwajiri lake. Mtu akilijua hilo hatakubali kuambiwa hapa kwamba jambo hili ni jipya na kwamba tuwe na subira.

Sisi tunao mfano wetu wenyewe. Tom Mboya alisoma katika shule za misheni, akawa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi, na mwaka 1953 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi vya Kenya. Mwaka 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford, chuo kilichofunguliwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanya kazi. Alikaa mwaka mmoja tu. Alirudi mwaka 1956, na mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1959 yeye na wenzake wakawapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja. Yeyote anayesema kwamba mwaka mmoja wa ng'ambo ni matembezi, na aukumbuke mwaka ule wa Mboya. Na yeyote anayesema kwamba waendao hawarudi, na akumbuke kwamba yeye alirudi, na wengi wa wale wa ndege walirudi pia.

LAKINI HADITHI HAIISHI HAPO

Mboya twamheshimu, na hatusemi haya kumpunguzia heshima. Lakini aliye kwenye chama chetu hana budi kusema na lililo chungu.

Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka Na. 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo ya Kenya. Waraka huo ulitoka katika wizara ya mipango ya uchumi, ambayo Mboya ndiye aliyekuwa Waziri wake. Ndani yake mna shauri moja lililoamua maisha ya watu wengi. Ulisema kwamba fedha ya maendeleo itiwe pale itakapozaa haraka zaidi: penye udongo mzuri na mvua, penye njia za usafiri na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Faida itakayopatikana huko ndiyo itakayowasaidia wengine baadaye.

Kwa hesabu ya fedha shauri hilo lina akili. Lakini sisi watu wa reli tuyasome tena yale maneno juu ya njia za usafiri. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Wakoloni waliipitisha walikotaka wao. Kutoka Nairobi tawi moja likaenda Thika mpaka Nanyuki, kwenye mashamba ya walowezi. Kufika Garissa haikufika hata siku moja. Ikaja serikali yetu wenyewe ikasema fedha na ifuate njia ya usafiri. Basi aliyekuwa na reli akaongezewa, na asiyekuwa nayo akaambiwa angoje. Mwezi Machi 2012 ilitangazwa kwa sherehe kubwa huko Lamu kwamba reli mpya itapita Garissa kwenda Isiolo. Mpaka leo tuandikapo hakuna taruma hata moja lililolazwa Garissa.

Wala nchi ile haikukosa maendeleo kwa sababu ya jua tu. Ilifungwa kwa sheria. Wakoloni walitunga sheria mwaka 1902, na nyingine mwaka 1934, za kuwazuia watu kuingia na kutoka bila ruhusa. Uhuru ulipokuja mwezi Desemba 1963, hata mwezi haujaisha hali ya hatari ikatangazwa huko kwa sababu ya vita vya shifta. Vita vilikwisha kwa mapatano ya mwaka 1967, lakini sheria za hatari hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Katika muda huo watu wa Garissa waliona yaliyotendeka Bulla Karatasi mwaka 1980, na watu wa Wajir wakaona yaliyotendeka katika kiwanja cha ndege cha Wagalla mwezi Februari 1984, ambapo raia waliokusanywa na askari waliuawa wengi. Ndiyo sababu mtu wa huko akisafiri kuja Nairobi alizoea kusema, "Nakwenda Kenya." Sisi tulidhani ni mzaha.

Mboya alijifunza mengi ng'ambo ya bahari. Ile ng'ambo nyingine, ya mto, haikuwa katika masomo ya mtu yeyote wa wakati wake. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliouandika waraka ule hawakuwa wamelalia kitanda cha Garissa, na wenye kitanda hawakuitwa mezani.

MAMBO YA LEO

Labda ndugu atasema hayo ni ya zamani, kwamba Katiba ya mwaka 2010 imekuja, kaunti zimekuja mwaka 2013, na Garissa, Wajir na Mandera zina magavana wao. Twakubali kwamba mengi yamebadilika. Katiba ile iliweka hata mfuko maalumu wa kusawazisha, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kwa mwaka, kwa maji, barabara, matibabu na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma, ingawa fedha yake ilikawia miaka mingi. Lakini tazameni jinsi sera zinavyoendelea kuandikwa na mtu aliyeko upande mmoja wa daraja.

Chukueni ile bima ya afya. Mwenye mshahara hukatwa 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake na maisha yake, hesabu ikapigwa, akaambiwa atoe kiasi fulani, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na alipe ya mwaka mzima kwa mara moja. Haya, mfugaji wa ngamia atajibu nini akiulizwa habari za nyumba? Nyumba yake ni ya fito na mikeka, hubebwa juu ya ngamia. Na utajiri wake? Mwaka huu ana ngamia ishirini, ni tajiri kuliko fundi wa reli. Kisha mvua ikakosa misimu mitano mfululizo, kama ilivyokosa kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika sehemu kavu za Kenya. Mfugaji yule yule sasa hana hata mbuzi wa kumchinjia mgeni. Ni mapato gani yatakayopigiwa hesabu, ya kabla ya kiangazi au ya baada yake? Swali hili mtu wa Garissa hulijua tangu utotoni. Mtu wa ofisini Nairobi hana budi kufundishwa.

Tena uko ule mpango wa HSNP, wa kuzipa jamaa maskini fedha taslimu badala ya kungoja magunia ya mahindi. Ulianza mwaka 2008 na 2009 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Ni mpango mzuri, na wanafunzi wa nchi nyingi huusoma. Lakini Garissa, yenye jua lile lile na kiangazi kile kile, haikuwamo mwanzoni. Iliongezwa baadaye. Nani aliyechora mstari? Na mwenye njaa aliye upande wa pili wa mstari alielezwa nini?

Khalafu kuna kitambulisho. Sisi huku mtoto akifika miaka 18 huenda ofisini na kitambulisho cha baba yake, akapigwa alama za vidole, akangoja. Huko kwa miaka mingi kijana alisimamishwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa ahojiwe kama kweli ni Mkenya. Mwezi Februari 2025 Rais alitangaza huko Wajir kwamba uchunguzi huo wa kipekee umekomeshwa. Twashukuru. Lakini binti wa mzee wetu alikuwa amekwisha ungojea wake zaidi ya mwaka mmoja, akienda na kurudi katika ofisi moja ambayo haina haja kutajwa. Bila kitambulisho hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna mwaka wa ng'ambo. Wenzake wawili waliokuwa na maksi kama zake nafasi iliwapita kwa sababu hiyo. Sasa twaelewa kwa nini baba yake alisema kwamba ng'ambo ya kwanza ndiyo iliyokuwa nzito.

HOFU YETU TUISEME

Katika kuyazungumza haya, jambo moja lilikuja mezani tukanyamaza. Wengine wetu wana ndugu waliokwenda kusoma Garissa.

Chuo kikuu cha Garissa kilifunguliwa mwaka 2011, mahali palipokuwa chuo cha walimu, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Kilikuwa chuo kikuu cha kwanza cha serikali katika sehemu ile yote. Watoto wa wafanya kazi kutoka kila pembe ya Kenya walipelekwa huko. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, al-Shabaab waliingia wakawaua watu 148, wengi wao sana wakiwa wanafunzi. Waliookoka wakahamishiwa Eldoret. Chuo kilifunguliwa tena mwezi Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Tena mwezi Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, na Tume ya Walimu ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji. Darasa zikabaki na watoto bila mwalimu.

Basi mwanachama mmoja aliuliza kwa uchungu, "Mwataka watoto wetu wavuke daraja lile wakafe?" Swali hili halina mzaha, na sisi hatutalijibu kwa maneno matamu. Chama cha wafanya kazi hakimwambii mtu aende kazini bila usalama. Mtu wa gengi hapelekwi kwenye njia bila mwenzake wa kushika bendera. Vivyo hivyo mwalimu, muuguzi na mwanafunzi hawapelekwi mahali pa hatari bila ulinzi, bila posho ya mazingira magumu, na bila bima ya jamaa zao. Aliyekataa kurudi baada ya mwenzake kuuawa hakukosa.

Lakini tuulize na la pili. Wale watoto waliobaki bila mwalimu, kosa lao nini? Tena tusisahau kwamba risasi haikuwachagua watu wa bara peke yao. Mwezi Desemba 2015 basi lilishambuliwa huko Mandera, na washambulizi wakataka abiria Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah, mwalimu mkuu msaidizi, alipigwa risasi siku ile akafa mwezi Januari 2016. Yule alikuwa mfanya kazi kama sisi, na hakuuliza abiria mwenzake ametoka upande gani wa mto.

Kwa maoni yetu dawa yake ndefu ni moja. Watoto wa Garissa wasome mpaka juu, wawe walimu wa kwao, madaktari wa kwao, na waandishi wa sera za kwao. Na watoto wetu wa huku, ulinzi ukiwapo, wavuke wakajifunze kwao. Yule aliyenong'ona kwamba watu wa huko wawaendee matajiri wao, hakujua kwamba kumchangia binti huyu ni kujisaidia yeye mwenyewe. Siku atakapoketi katika meza ya kuandika makato ya wafanya kazi, atakuwako mezani mtu anayejua kula posho ya baba wa gengi na anayejua pia ngamia akifa ni nini.

ATAKAPORUDI ATAFANYA NINI?

Jibu liko karibu kuliko tudhanivyo. Katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa ipo Dadaab, penye kambi za wakimbizi tangu mwaka 1991. Ziliwekwa kwa ajili ya watu 90,000, na mwaka 2011 zilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Kila swali la sera za jamii liko pale wazi: chakula kigawanywe vipi, mwenyeji maskini apate nini mgeni anapopewa mgao, shule iwe ya nani. Vyuo vya Kanada, York na British Columbia, pamoja na Kenyatta na Moi, vilianza tangu mwaka 2013 kufundisha masomo ya chuo kikuu pale pale Dadaab, kwa wakimbizi na kwa wenyeji pia. Walimu wa Kanada walivuka bahari kuja kufundisha Garissa, nasi tulio safari ya siku moja kwa basi hatujapata kwenda hata kuamkia.

Tena mwaka wenyewe wa ng'ambo una faida hii, kwamba umefungwa na digrii ya hapa. Mwanafunzi hawezi kupata karatasi yake bila kurudi kumaliza. Tumemuuliza binti mwenyewe kwa njia ya baba yake kwamba akirudi ataandika nini mwaka wake wa mwisho. Amejibu kwamba ataandika juu ya bima ya afya na watu wanaohamahama. Hatuna la kuongeza.

OMBI LETU KWA MKUTANO WA TAWI

Kwanza, kila mwanachama atoe shilingi mia mbili. Anayeweza zaidi na atoe zaidi, asiyeweza asione haya. Mweka hazina aandike kila jina na atoe stakabadhi, kusiwe na manung'uniko. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, tawi liandikie makao makuu ya Chama kwamba fungu la elimu lisiishie katika semina za mahoteli. Wapelekwe wanachama na watoto wa wanachama kusomea sera za jamii, ili makato ya mshahara yakijadiliwa tuwe na mtu wetu anayeijua hesabu.

Tatu, Chama kiviombe vyuo vikuu vyetu kwamba mwanafunzi wa sera za jamii asihesabiwe kuwa amemaliza kabla hajakaa muhula mmoja katika kaunti za kaskazini mashariki, au nyingine zilizoachwa nyuma, ulinzi ukiwa umehakikishwa kwanza. Waendao Uingereza na waende. Lakini Madogo na Garissa pia ni safari, na daraja limejengwa.

Nne, na hili halihitaji kupigiwa kura: yule aliyenong'ona, na sisi tuliocheka, twende kwa mzee wetu tumwombe radhi kabla ya siku ya mkutano. Sisi wa karakana tumekwisha kwenda. Alitupokea kwa chai ya maziwa ya ngamia iliyoletwa na basi la usiku kutoka kwao, akatuuliza kwa nini tumechelewa.

Umoja ni nguvu.

Sisi, Wafanya Kazi wa Karakana